Maganda Saba Chini ya Mhikori

Jumamosi asubuhi, siku ya tisa tangu Hobert Gayheart auawe kwa risasi akinywa kahawa kwenye veranda yake, Mpelelezi Verna Stidham aliegesha gari nje ya karakana ya Delmas Fugate, fundi bunduki. Alitoa bunduki mbili zilizofungwa ndani ya mifuko ya ushahidi, akamwita mzee aje amfungulie mlango. Mfukoni mwa koti alikuwa na kibahasha chenye maganda mawili ya risasi ndogo, zile ambazo watu wa kaunti ya Quillen huzitumia kuwindia kindi.

Jumla maganda yalikuwa saba. Yaliokotwa siku ya pili ya upelelezi chini ya mhikori, mti mkubwa wa kokwa zinazopendwa na kindi, juu ya tuta, hatua mia moja na hamsini kutoka kwenye veranda ya marehemu. Matano yalikuwa yamepelekwa maabara ya jimbo, na maabara ilishajibu kwamba foleni ni ndefu, wasubiri wiki sita. Kichwa cha risasi kilichotolewa kifuani mwa Hobert hakikuwa na la kusema. Kilikuwa cha madini laini ya risasi matupu, bila koti la shaba, na kilipogonga mfupa kilipondeka kama ubani uliotafunwa.

Sherifu hakuwa na wiki sita. Tangu wiki iliyopita alikuwa amemweka rumande Ransom Deaton, jirani wa Hobert, na Jumatatu alitaka apandishwe kizimbani kwa mauaji. Kisa kilijulikana na wote. Mbwa wa Ransom waliua kuku wengi wa Hobert wakati wa kiangazi, Hobert akampiga mmoja wao mawe akamvunja mguu, na Ransom akasema mbele ya watu wanane, katika duka la chakula cha mifugo, kwamba iko siku mzee yule atajua. Isitoshe, Ransom ndiye mlengaji bora wa kaunti nzima. Ana vikombe vya mashindano vimejaa rafu, na ana bunduki ndogo ya bei ghali ambayo watu huenda kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama farasi wa mbio. Hoja ya sherifu ilikuwa fupi: kumpata mtu kifuani kwa umbali ule na kwa risasi ndogo kiasi kile, hiyo ni kazi ya Ransom na bunduki ya Ransom.

Verna hakumbishia sherifu, ila kuna jambo lilikuwa linamkera. Alikuwa ameupekua ukuta wa ile nyumba ubao kwa ubao, akalipekua paa na nguzo za veranda. Hakukuta tundu hata moja. Kama mtu alifyatua risasi saba kumlenga Hobert na ikampata moja, sita zilizobaki zilikwenda wapi?

Delmas Fugate alikuwa mzee wa miaka sabini na sita, mfupi, mwenye mikono mipana iliyotiwa weusi na mafuta kiasi kwamba sabuni ilikwisha kata tamaa nayo. Alimpa Verna kikombe cha kahawa bila kumuuliza kama anataka, akazifungua bunduki mbili zile na kuzilaza juu ya blanketi, moja kando ya nyingine.

Zote zilikuwa za aina moja kwa kazi: ukivuta kifyatulio inapiga, inatema ganda, inajipakia nyingine yenyewe. Kufanana kwake kuliishia hapo. Ya Ransom ilikuwa na mtutu mnene, mzito, uliosuguliwa mpaka ukatoa rangi ya maji ya kina kirefu. Kitako chake kilikuwa cha mbao zilizogandishwa pamoja tabaka kwa tabaka, kimechongwa kufuata shavu la mwenyewe. Delmas alisema Ransom aliilipia dola elfu moja na mia sita, na hajutii hata senti. Ya pili ilikuwa na kitako cha plastiki nyeusi na mtutu mwembamba. Hiyo ilikuwa ya Denver Gayheart, mtoto wa kaka wa Hobert, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya magurudumu chini ya shamba la ami yake. Alinunua kwenye duka kubwa la barabara kuu kwa dola mia moja na sitini na tisa, siku moja na matairi ya gari.

"Nieleze kama unavyomweleza mnunuzi," Verna alisema. "Ipi bora?"

"Mnunuzi nitamuuliza kwanza anataka kufanya nini," Delmas akajibu. "Wewe unataka kufanya nini, dada?"

"Nataka kujua ipi ilitema haya."

Alimimina maganda mawili juu ya blanketi. Delmas hakuyagusa. Aliyaangalia tu kwa mbali, akasema ni ya risasi za bei ya chini kabisa, zinazouzwa mia tano kwa boksi la karatasi. Kisha akachukua boksi la risasi hizo hizo kutoka rafuni, wakatoka nje nyuma ya karakana, penye ukingo wa udongo alioutumia kujaribia bunduki.

Alianza na ile ya Ransom. Risasi mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu iligoma, ganda likabaki limebanwa nusu nje nusu ndani. Delmas akalitoa kwa kisu, akaendelea. Ya saba ikagoma. Ya tisa, ya kumi na tatu, ya kumi na nne. Mpaka wanamaliza ishirini ilikuwa imekwama mara tano, na kila ilipokwama mzee alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayelazimishwa kumlisha mgeni wa heshima kiporo.

Alimweleza Verna sababu. Bunduki ya mashindano, chemba yake, yaani tundu inamokaa risasi, hukatwa ikiwa nyembamba mno, ili risasi ikae imebanwa sawasawa na itoke kila mara vilevile. Ndiyo maana inapiga sarafu kwa umbali wa mita hamsini. Lakini risasi za boksi zina nta nyingi na vipimo vyake havilingani, kwa hiyo humo ndani zinanata. Ransom anajua hilo. Risasi anazotumia huuzwa hamsini hamsini, na boksi moja lina thamani ya chakula cha watu wawili.

"Hawezi kutia takataka hizi humu," Delmas alisema. "Afadhali azitie mdomoni."

Bunduki ya Denver ilikula risasi ishirini bila kukohoa. Matundu kwenye karatasi yalitawanyika upana wa kisahani cha chai, ambapo yale ya Ransom, pamoja na ugomvi wote, yangefunikwa na kizibo cha soda. Lakini ilikula, na ingelishwa mia nyingine ingekula.

Verna aliandika yote hayo katika daftari lake, na wakati anaandika mawazo yake yalikuwa yamekwisha shuka mpaka kwenye nyumba ya magurudumu. Denver alikuwa na boksi la risasi hizi ndani ya gari lake, nusu limekwisha. Denver ndiye angerithi shamba endapo Opal, mjane wa Hobert, angeondoka. Na siku ya kwanza alipohojiwa alisema asubuhi ile alikuwa amelala, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha wala kulikanusha.

"Basi ni ya kijana," alisema.

"Usikimbie," Delmas akamwambia. "Hatujaangalia alama za vidole za bunduki."

Walirudi ndani. Delmas akavaa miwani, juu yake akavaa kioo cha kukuzia chenye mkanda, akawasha taa ya mezani. Risasi ndogo ya aina hii haigongwi katikati, hugongwa ukingoni, na pini ya kila bunduki huacha alama yake hapo kama muhuri wa posta. Akampa Verna lenzi nyingine ili waangalie pamoja. Maganda ya Ransom yalikuwa na alama ya mraba, safi, yenye kona kali. Ya Denver yalikuwa na mstari mwembamba mrefu, kama umekandamizwa kwa ukucha.

Kisha akalivuta ganda la kwanza kutoka kwenye kibahasha, kwa koleo ndogo, akaliweka chini ya taa.

Verna aliiona alama yenyewe bila shida: mwezi mchanga, mnene upande mmoja, na katika ncha yake ya kushoto kijitundu kidogo kama jino lililong'oka. Ganda la pili lilikuwa na mwezi uleule na pengo lilelile. Haukuwa mraba wala mstari.

"Si ya Ransom, si ya Denver," alisema.

 Delmas alilipima ganda kwa kipimio cha chuma, akasoma namba kimya, akalipima tena. Alisema lilivimba tumboni kuliko yale mengine, maana yake lilipigwa katika chemba pana, iliyolika kwa umri. Baada ya hapo akavua kioo cha kukuzia, akavua na miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati.

Kisha akaanza kuzungumza habari ambayo hakuulizwa. Alisema watu siku hizi hubishana kama wanunue ya elfu moja au ya mia moja, wakasahau kulikuwa na ya tatu. Zile za zamani, zilizotengenezwa wakati baba zao wamerudi kutoka vitani, ambazo risasi humiminwa katika bomba ndani ya kitako. Chuma chake kilikatwa kwa mashine kutoka kwenye donge moja, si cha kumimina. Mbao zake za mjozi mweusi. Haishindi mashindano, lakini haichagui risasi, na mvua ya miaka hamsini haikuifanya kitu. Ukiileta hapa dukani atakupa dola mia tatu. Hakuna anayeileta, kwa sababu kila aliye nayo aliipata kwa baba yake.

"Ubaya wake ni mmoja tu," alisema. "Kiwanda kilikwisha fungwa zamani. Kitu kikivunjika, hupati spea."

 Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha Verna kwamba mzee anayeeleza sana ana kitu anakizunguka.

"Pini ikivunjika je?"

"Mtu anatafuta fundi amchongee."

"Nani anachonga pini hapa Quillen, Mzee Delmas?"

Delmas aliirudisha miwani machoni. "Mimi," alisema. "Hakuna mwingine. Nachonga kwa kipande cha kekee, maana ndicho chuma kigumu nilicho nacho. Hii, tupa iliniteleza mwishoni, ikaacha pengo. Nikamwambia mwenyewe, ngoja nikuchongee nyingine. Akasema inapiga, inatosha, Mungu akubariki. Ilikuwa majira ya machipuko mwaka juzi."

"Ni nani?"

"Dada, laiti ningekuwa nimeiacha miwani yangu nyumbani leo."

"Ransom Deaton yuko kwenye chumba cha chuma siku ya nane," Verna alisema. "Jumatatu watamsomea mauaji."

Mzee aliyarudisha maganda kwenye kibahasha kwa koleo, moja moja. Halafu akalitaja jina la Arlis Caudill, na baada ya kulitaja akaenda kusimama dirishani akampa mgongo.

Verna alimjua. Arlis Caudill alikuwa shemasi wa kanisa la Spicewood. Alifanya kazi mgodini zamu moja na Hobert miaka ishirini na minane, na siku dari lilipoporomoka ndiye aliyemvuta Hobert kwa kola mpaka nje. Katika siku hizi tisa Verna alikuwa amekwenda kwa mjane mara nne, na mara zote nne alimkuta Arlis pale: anapasua kuni, anaosha masufuria ya watu walioleta chakula, anawalisha kuku waliobaki. Alikuwa amemhoji vilevile. Arlis alisema asubuhi ile alikuwa kwake, akasikia milio kwa mbali, akadhani ni wawindaji.

Alimwandikisha Delmas maelezo, mzee akatia sahihi. Akafunga kila kitu katika mifuko yake, na wakati anaondoka Delmas alimuuliza jambo moja tu, kama angeweza kumfanyia Arlis hisani ya kutompeleka kwa pingu. Verna alisema ataona.

Hakwenda moja kwa moja. Kwanza alipanda tuta, akasimama palipookotwa maganda, akauegemea mhikori. Mara hii hakuangalia veranda. Aliangalia mti. Makaka ya kokwa yalikuwa yametapakaa kila mahali, yametafunwa na kindi. Akayafuata matawi kwa macho, polepole, tawi kwa tawi, na katika mti jirani aliona gome limebanduka sehemu moja, na juu yake nyingine, na nyingine. Alipanda juu ya gogo ili aone vizuri. Alihesabu vidonda sita, vibichi, vyenye utomvu, vikipanda na kushuka kama mtu anayekifukuza kitu kinachozunguka shina. Cha saba alikikuta chini kabisa, kimo cha goti, ukingoni mwa shina: mchirizi tu, risasi ilikwaruza ikapita. Akapiga goti, akaweka jicho lake pale. Mbele ya jicho lake, chini ya mteremko, katikati ya majani mekundu, kulikuwa na kiti cha Hobert.

Alipiga picha, akaweka alama, akashuka kwa miguu.

Arlis alikuwa nyuma ya nyumba ya Hobert, kwenye rundo la kuni. Alikuwa mtu mrefu wa miaka sabini na moja, amevaa suruali ya mabega na kofia ya kiangazi ya kwendea kanisani. Alipomwona Verna anashuka kutoka tutani, si barabarani, aliliegemeza shoka kwenye gogo, akakaa. Verna akakaa kwenye gogo la pili. Alimweleza kwamba halazimiki kusema neno, kwamba atakalosema linaweza kutumika mahakamani, na kwamba anaweza kungoja mwanasheria. Arlis alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Bunduki ya baba iko nyuma ya kiti cha gari langu," alisema. "Haijatoka humo tangu siku ile. Nimeshindwa kuigusa."

Akaeleza. Hakulia, wala hakutafuta maneno. Opal alikuwa amesema wiki ile kwamba Hobert ana hamu ya kindi na mchuzi mzito, naye akasema atamletea. Alikaa chini ya mhikori tangu alfajiri. Kindi mmoja mwekundu alimsumbua sana, anazunguka shina kila anapolengwa. Alikasirika. Alifyatua ovyo, jambo ambalo baba yake asingelisamehe. Ile ya mwisho kindi alikuwa amekaribia chini, naye Arlis hakuangalia nyuma ya kindi kuna nini. Kisha akakata tamaa akaenda zake nyumbani kula. Saa nne akapigiwa simu kwamba Hobert amepatikana kwenye kiti chake, kikombe kimeanguka.

"Ulijua saa hiyohiyo?"

"Nilijua kabla hawajamaliza kusema."

Verna akamuuliza kuhusu Ransom. Hapo ndipo sauti ya mzee ilipopungua. Alisema kila siku aliamka akisema leo. Alikuja hapa ili amwambie Opal kwanza, kabla ya sherifu, maana ndiye mwenye haki ya kusikia. Akifika anakuta hakuna kuni. Akimaliza kuni anakuta masufuria. Na Opal anamwambia, Arlis, bila wewe ningefanyaje. Basi neno linarudi chini.

"Nimeomba kanisani kwa ajili ya Ransom," alisema. "Kwa sauti, mbele ya watu. Hilo ndilo litakalonichoma."

Verna alimwambia kwamba risasi ile ilikuwa ajali na mahakama italiona hilo, lakini siku hizi nane si ajali, nazo atazijibu. Arlis akasema ni haki. Akaomba kitu kimoja, aingie ndani akamwambie Opal kwa mdomo wake. Kanuni ilimtaka Verna ampeleke kituoni moja kwa moja. Alifikiri kidogo, akainuka, akalichukua shoka na kuliweka mbali, akasema watakwenda wote wawili.

Haikuwa lazima waende. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na nyuma ya wavu wa mbu alikuwa amesimama Opal Gayheart, mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizofungwa kwa kitambaa, mikono yake imeshika taulo la vyombo. Hawakujua amesimama pale tangu lini. Aliusukuma wavu akatoka, akashuka ngazi mbili, akasimama ya tatu.

Arlis alivua kofia. 

Opal akamgeukia Verna kwanza. "Simu iko ukutani hapo ndani," alisema. "Mpigie sherifu amtoe Ransom. Mwambie mke wa Hobert ndiye anayeomba, asingoje Jumatatu."

Verna akasema atapiga sasa hivi. Alipopita kando yake kuingia ndani, alimsikia Opal akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za soko:

"Yule kindi, Arlis. Ulimpata?"

Mzee alikuwa akiizungusha kofia mikononi.

"Hapana, Opal. Nilimkosa zote saba."

Opal alitikisa kichwa kukubali. Akakaa pale pale kwenye ngazi, akalikunja taulo mara mbili juu ya magoti yake, na baada ya kitambo akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja, bila kumwangalia.